Mazoezi Ambayo Hayakuwepo

Jumatatu, 12 Agosti

Likizo imekwisha kabla ya kwisha. Asubuhi simu ya Bi Gulsenem, mkuu wetu wa shule — walimu wote shuleni sasa hivi, mwenye mgonjwa amwache. Tukajua hapohapo. Hakuna kingine kinachomtoa Bi Gulsenem nyumbani mwezi wa nane.

Rais anakuja mjini kwetu Sariguyu! Tarehe 29. Anakuja kufungua chemchemi ya maji pale uwanjani, ile ya marumaru yenye sanamu za farasi. Mabomba ya mtaa wetu hayajatoa tone tangu Julai, lakini farasi watatema maji. Sikulisema hilo mkutanoni. Nalisema hapa.

Mimi, mwalimu wa muziki, nimepewa watoto. Kwaya ya shule nzima, mavazi ya taifa, wimbo mpya. Maneno yameletwa kutoka mkoani, muziki nitunge mwenyewe, na kesho kutwa uwe tayari. Nimeyasoma maneno. "Wewe ni jua, sisi ni alizeti." Nani ameandika? Amepewa nishani, bila shaka.

Nimerudi nyumbani nikakuta mafundi wa manispaa wanang'oa kiyoyozi chetu. Vyote vinavyotazama barabara kuu vinang'olewa — eti vinaharibu sura ya mji. Ogulbike, mke wangu, amesimama chini mikono kiunoni, anawauliza: na madirisha je, hayaharibu sura? Pandeni mng'oe na madirisha basi! Fundi mmoja alicheka, kisha akakumbuka kazi yake akanuna. Joto limepita nyuzi arobaini. Tumeshusha mapazia, tumelala sakafuni kama mbwa.

Jumatano, 14 Agosti

Muziki umetoka. Tena mzuri! Naona haya kuandika, lakini mzuri. Nimechukua sauti ya wimbo aliokuwa akinibembelezea marehemu mama, nikaipa mwendo wa farasi. Yale maneno ya alizeti yamekaa humo kama mgeni mjinga katika nyumba nzuri. Hayo si juu yangu.

Na mwimbaji nimempata. Tazegul, binti wa Enejan mshona nakshi. Yuko darasa la nne. Mwembamba, misuko miwili inafika kiunoni, magoti yamejaa makovu. Nilijua anaimba. Sikujua kama anaimba hivi! Alipopanda sehemu ya juu watoto wote wakanyamaza bila kuambiwa. Hata Bi Gulsenem, aliyekuwa dirishani akiwagombeza wapaka rangi, aligeuka.

Nimemweka katikati, hatua moja mbele ya mstari wa kwanza. Ameniuliza: Mwalimu, Rais ataniona? Nikamwambia, atakusikia. Akafikiri kidogo. Akasema, afadhali, maana viatu hivi ni vya binamu yangu.

Mazoezi ni uwanjani, juu ya saruji, saa nne mpaka saa nane. Marufuku kuvaa kofia pana — nyuso hazionekani kwenye picha. Marufuku chupa za maji mistarini. Gari la maji linapita kulowesha lami isinate kwenye viatu. Likipita, watoto wanaachama midomo kama vifaranga.

Ijumaa, 16 Agosti

Fupi leo. Hata kalamu ina jasho.

Naibu mkuu wa wilaya amekuja kukagua. Garajayev — kijana, suti nyeusi, hatoki jasho, sijui ameumbwaje. Amerekodi wimbo wote kwa ajili ya wakubwa wa mkoani. Sauti ya mtoto nzuri, akasema. Mistari mibovu. Wanatikisika.

Nyumbani kuna heri: tiketi ya Selbi imepatikana! Ijumaa ya tarehe 30. Binti yetu anasoma udaktari Uturuki, alikuja kututazama tu, na sasa kurudi kumekuwa kama ngamia kupita tundu la sindano. Mwaka jana mtoto wa jirani alishushwa akiwa ameshafunga mkanda. Akaambiwa: hutasafiri. Kwa nini? Hutasafiri, basi.

Ogulbike amefunga mlango wa jikoni akaniambia polepole, kila neno kama anapima unga:

"Baba Selbi, mpaka ndege ile iruke, wewe huna mdomo. Masikio unayo. Miguu unayo. Mdomo umeuazimisha."

Nimecheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 19 Agosti

Niandike kwa utaratibu. Nisipoandika kwa utaratibu nitaanza kujidanganya.

Asubuhi Enejan alikuwa ananingoja langoni pa shule, kamshika Tazegul mkono. Macho ya mtoto mekundu. Enejan akasema, Mwalimu, tangu jana anatapika, kichwa kinamuuma. Naomba leo akae kivulini tu. Kesho nitamleta mwenyewe mapema.

Nilipaswa kusema: nendeni nyumbani. Maneno mawili! Nilikuwa nayo mdomoni.

Lakini leo naibu alikuwa anakuja na watu wa mkoa, na televisheni pamoja nao, na bila Tazegul hakuna wimbo. Nilimwogopa Bi Gulsenem. Hapana — niandike kweli. Nilitaka watu wa mkoa wausikie wimbo wangu. Nikainama nikamwambia mtoto mwenyewe, si mama yake: leo tu, mwanangu. Leo tu, kesho utapumzika.

Akamtazama mama yake. Enejan akamwachia mkono.

"Haya, Mwalimu. Hapa baba yake ni wewe."

Naibu alisema saa nne. Alifika saa saba. Muda wote huo Bi Gulsenem hakuruhusu mtoto kutoka mstarini, maana magari yangeweza kutokea wakati wowote. Mimi nilisimama chini ya turubai la jukwaa. Kivulini! Kutwa nzima sifikirii kingine.

Aliimba. Aliimba kuliko siku zote, sauti nyembamba, ya juu, kama inatoka mahali pengine kabisa. Watu wa mkoa wakatazamana. Nami nikafurahi — ndiyo, hata hapo bado nilifurahi. Alipomaliza ubeti wa pili akageuka akanitazama. Hakulia, hakuyumba. Alikuwa kama mwanafunzi anayetaka kuuliza swali. Kisha akaanguka.

Watoto wa mstari wa kwanza hawakusogea. Wamefundishwa wasisogee. Nimewafundisha mimi.

Nilimbeba. Hakuwa na tone la jasho, mkavu, anaunguza kama mkate uliotoka sasa hivi tanurini. Ambulensi haikuweza kupita, barabara kuu imefungwa, rangi mbichi. Tukampeleka hospitali kwa gari la maji. Dereva alikuwa analia na kumtukana mtu — hakumtaja jina.

Jumanne, 20 Agosti

Hajaamka.

Hospitali ya wilaya. Enejan amekaa sakafuni nje ya mlango, amefungua kilemba chake anajipepea nacho bila kujua kama anajipepea. Mumewe yuko Uturuki, kazi za ujenzi. Simu hazishiki tangu wiki iliyopita, wamefunga mitandao kwa ajili ya ziara. Mwanaume anapanga matofali huko na hajui.

Daktari wa zamu, mwanamke wa makamo, amenivuta kando. Jua limempika, Mwalimu. Alisimama juani muda gani?

Nikafungua mdomo. Bi Gulsenem alikuwa nyuma yangu. Akajibu yeye: mtoto alikula tikiti lililooza.

Daktari akamtazama yeye. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukuta. Kuna bango pale la kufundisha kunawa mikono. Nimelisoma lote.

Jumatano, 21 Agosti

Mkutano wa walimu. Naibu Garajayev mwenyewe ameuongoza.

Kwanza, tikiti limefutwa. Mtu wa mkoa kakumbuka kwamba Sikukuu ya Tikiti ndiyo kwanza imepita, Rais amehutubia, amelisifu tikiti mbele ya taifa zima. Tikiti haliwezi kushtakiwa! Wakaanza kushauriana, watu wazima, nyuso kavu. Samaki? Sariguyu hakuna samaki. Maziwa ya ngamia yaliyochachuka? Maziwa ya ngamia ni urithi wa taifa. Mwishowe wakaafikiana: ugonjwa wa kuzaliwa nao. Na kwamba Jumatatu hapakuwa na mazoezi yoyote. Watoto walikuwa likizo, kama sheria inavyotaka.

Mwalimu wa jiografia aliye jirani yangu akanong'ona: sasa sisi sote tulikuwa wapi? Nilitaka kucheka.

Kisha naibu akatuita kwa majina. Unasimama, unasema. Hakuna kuandika, hakuna kutia saini. Nadhani ni makusudi. Karatasi, kesho utasema ulilazimishwa. Lakini ulimi ni wako, na wenzako wamekusikia, nawe umewasikia wao, na hakuna tena wa kumwangalia mwenzake usoni.

"Hojamberdi?"

"Hapakuwa na mazoezi."

Sauti yangu ilitoka safi, wazi, kutoka tumboni. Kama ninavyowafundisha watoto.

Ijumaa, 23 Agosti

Selbi amekwenda hospitali bila kutuaga. Amerudi mchana, hakuvua viatu, amekuja moja kwa moja nilipokaa.

"Baba, figo zake zinakufa."

Nikasema, madaktari wapo.

"Madaktari wapo, mashine haipo. Mashine iko mji mkuu. Na mji mkuu hawampokei mgonjwa wa kuzaliwa nao, wanasema atibiwe kwao, wanao wengi. Wakiambiwa ni jua, wanampokea leo hiihii. Yule daktari wa zamu ameniambia. Daktari mkuu anaogopa kusema peke yake. Anataka mtu mmoja wa shule. Mmoja tu, Baba! Amwambie alisimama juani tangu saa ngapi."

"Enejan amesema."

"Mama yake si shahidi. Wamemwambia amechanganyikiwa kwa uchungu."

Ogulbike akatoka jikoni na unga mikononi. Akamwambia Selbi, wewe nyamaza, wewe wiki ijayo una ndege. Selbi akasema, Mama, nasomea nini basi huko? Nasomea nini? Ogulbike akasema, soma kwanza, umalize, halafu utuulize. Wakaanza kupigiana kelele, wakanisahau. Mimi nilikaa katikati kama mto wa kuegemea.

Baadaye Ogulbike akanigeukia. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, baba Selbi, mimi nina mtoto mmoja. Yule si wangu. Mungu anisamehe, nimesema.

Sikwenda hospitali. Nilisema nitakwenda joto likipungua. Joto halikupungua.

Jumamosi, 24 Agosti

Sikwenda.

Naibu amempata mtoto mwingine wa kusimama mbele. Binti wa karani wa manispaa, ana mashavu mazuri. Haimbi. Nikasema, Bwana Naibu, huyu haimbi! Akasema, haina haja aimbe.

Jumapili, 25 Agosti

Leo nimekwenda. Nilifika mpaka mlango wa daktari mkuu. Kuna sauti ndani, nikasema hayuko peke yake, nikageuka. Kweli nilisikia sauti. Inawezekana ilikuwa redio.

Kwenye ngazi nikakutana na Enejan. Amekonda kwa siku chache kama mtu aliyekaushwa. Nikampa salamu, akaitikia vizuri, kwa heshima zote, akauliza habari za nyumbani, habari za mama Selbi, habari za Selbi na masomo. Nikajibu njema, njema, njema. Nilidhani nitapita.

Akasema:

"Mwalimu, ulisema leo tu."

Hakupandisha sauti. Alisema kama anayenikumbusha kitu nilichosahau kwake.

"Mama Tazegul..."

"Mimi nilitaka kumrudisha nyumbani. Nilikuwa nimeshageuka. Nikasema, huyu ni mwalimu, anajua. Watu wa wilaya siwaamini, televisheni siiamini, wewe nilikuamini. Sasa hapa wananiambia hapakuwa na mazoezi. Wananiuliza, ulimpeleka wapi mtoto wako siku ile? Nawaambia, kwa Mwalimu Hojamberdi. Wanasema, Mwalimu Hojamberdi anasema hapana. Nikawaambia ni waongo, Mwalimu hawezi kusema hivyo."

Akaningoja. Alikuwa ananitetea mpaka dakika ile. Angeweza kunitemea mate! Ningeshukuru.

Nikavua kofia. Akaelewa. Nimeona akielewa — uso haukubadilika, macho tu yaliondoka kwangu yakaenda dirishani. Akasema, mtoto akizinduka huwa anauliza kama kesho imefika. Akapanda ngazi.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimesema.

Asubuhi, kabla ya chai, kabla ya Ogulbike kuamka. Nilikwenda kama nilivyo. Daktari mkuu, mzee mnene mwenye miwani, alikuwa ananawa mikono. Nikasema nikiwa bado mlangoni: mtoto Tazegul alisimama juani kwenye mazoezi, tangu saa nne mpaka saa saba, bila maji, bila kofia, alikuja akiwa mgonjwa, nami nilijua kuwa ni mgonjwa.

Akafunga bomba.

"Rudia."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Hilo nitalijutia maisha yangu yote, kwamba ilikuwa rahisi.

Akapiga simu mji mkuu mbele yangu. Nilimsikia akitamka lile neno, jua, mara mbili, kwa sauti ya chini. Kule wakakubali. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai wakakubali! Akakata simu akavua miwani.

"Ungekuja Ijumaa, Mwalimu, figo zilikuwa zimechoka tu. Leo zimelala. Labda zitaamka, labda la. Unajua wataniuliza nani amesema?"

"Najua."

"Nitawaambia. Nina wajukuu."

"Waambie."

Tukapeana mikono. Wake ulikuwa bado umelowa.

Adhuhuri ambulensi ikaondoka, Tazegul na mama yake ndani. Nikarudi nyumbani kumwambia Ogulbike. Alikuwa ameshasikia, mji huu hauna kuta. Hakunisalimu, hakuniangalia. Lakini tanuri lilikuwa bado la moto, na majirani wakaniambia amekimbia na mikate ya safari imefungwa kwenye kitambaa, akaipitisha dirishani kwa Enejan gari likiwa tayari linatembea.

Jumanne, 27 Agosti

Bi Gulsenem kaniita. Nilitegemea makelele. Alikuwa analia! Wino wa macho umemshuka mpaka kidevuni. Akasema, Hojamberdi, ulishindwa nini kungoja mpaka tarehe 30? Watu wote tumengoja. Nami nina shinikizo la damu. Basi, nimefukuzwa, sifundishi tena. Nikarudishe dutari ya shule, lile zeze la nyuzi mbili. Dutari ni yangu, nilimwambia, nilinunua mwenyewe. Akasema, basi chukua, chukua, ondoka.

Kumbe naibu alikuwa koridoni. Kanishika bega kama mjomba.

"Una binti, sivyo? Anasomea udaktari. Hongera sana, mzee."



Nimemwambia Selbi. Akasema, sawa, Baba. Anakunja nguo zake, anazikunjua, anazikunja tena. Ogulbike bado haniongeleshi. Chakula anaweka mezani, kikombe changu anakiweka mbali kidogo na mkono wangu.

Alhamisi, 29 Agosti

Ziara.

Wa barabara kuu tumeamriwa kukaa ndani, madirisha yafungwe, mapazia yashushwe, mtu asitoke roshani. Joto, bila kiyoyozi. Tumeketi watatu gizani adhuhuri kama wezi.

Kwanza pikipiki. Kisha magari, meupe yote. Kisha kimya. Kisha spika za uwanjani zikakoroma — na Tazegul akaimba.

Selbi aliruka. Ogulbike akashika shavu. Ile sauti! Wameweka ile rekodi ya tarehe 16. Binti wa karani amesimama mbele anafungua mdomo, na mtoto aliyelazwa kwenye mashine mji mkuu anaimba mji mzima, juu ya mapaa, wewe ni jua, sisi ni alizeti, na sauti ya marehemu mama chini yake. Mzuri. Wimbo ni mzuri. Nilitamani niwe kiziwi.

Ilipokwisha wakapiga makofi muda mrefu. Ogulbike ameongea nami kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Huo wimbo wa mama yako," akasema, "usiupige tena nyumbani mwangu."

Nikasema, sitaupiga.

Baadaye jirani wa chini kasimulia: Rais hakushuka garini. Kioo kilishuka kidogo, mkono ukapunga, kioo kikapanda. Farasi wametema maji mpaka msafara umepotea, kisha maji yakakatika.

Ijumaa, 30 Agosti

Naandika uwanja wa ndege, mji mkuu. Ogulbike ananiambia, acha kuandika mbele za watu. Siwezi kukaa na mikono mitupu.

Tumetoka alfajiri kwa gari la kukodi. Tumepitia hospitali kwanza, Selbi kang'ang'ania. Wakatupa dakika chache. Tazegul ameamka! Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mirija shingoni, mashine inanguruma kando yake. Misuko wameikata. Figo bado hazijaamka, daktari hasemi ndiyo wala hapana. Enejan alisimama kutupisha. Alimkumbatia Ogulbike, wakakaa hivyo. Mimi alinipa salamu, ya heshima, ya mbali. Hiyo itabaki hivyo, naona.

Nikainama kitandani. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Nisamehe, mwanangu — nilitaka kuanza hivyo. Yeye akaanza.

"Mwalimu, nisamehe. Nimeharibu mstari."

Nilitoka nje. Selbi ndiye aliyebaki, sijui alimwambia nini, nilimsikia mtoto anacheka kidogo, kicheko kikavu. Nami mwalimu wake nimesimama koridoni na kofia mkononi.

Na sasa hapa. Selbi ameingia zaidi ya saa moja iliyopita. Alituaga kwa haraka, hakutaka tulie. Kupitia kioo tulimwona akikabidhi pasipoti, yule afisa akaitazama, akainua simu, akaongea, akatazama tena. Kisha akamwonyesha aketi pembeni. Abiria wengine wakapita. Familia yenye watoto, mzee na mkongojo, wafanyakazi wa ujenzi na mabegi yao. Wote wamepita. Baadaye wakavuta pazia.

Nimemgeukia Ogulbike. Nilitegemea atasema, si nilikuambia? Nilimwambia, sema basi, nipige. Akatikisa kichwa. Akasema, nilipomwona yule mtoto leo, nimetamani ungekwenda ile Ijumaa. Kisha akasema, na ninamtaka mwanangu kwenye ndege. Yote mawili nayataka, baba Selbi. Niambie mtu atayapata wapi yote mawili.

Ubao unasema ndege inapakia. Sasa unasema imefungwa mlango.

Pazia limefunguliwa. Ametoka askari, kijana, kofia mkononi, anatazama ukumbi mzima. Anauliza kwa sauti: baba yake Selbi Hojamberdiyeva ni nani hapa?

Watu wote wametazama viatu vyao. Ogulbike amenishika mkono wa koti kwa nguvu — sijui ananizuia au ananisukuma. Askari anauliza tena. Nasimama, naweka kalamu.